Mstari wa Chaki

Shemeji yangu Barasa alinipigia simu juzi kutoka Kitale, kwangu asubuhi, kwake jioni, akataka kujua upana wa jeneza. Hakuzunguka. Alisema, "Shemeji, pole tena. Nataka kupima mlango. Mvua huku haijakatika, wazee wameonelea mwili ulale kwenye karakana, maana ndiyo yenye sakafu kavu." Nilikuwa nimekaa mezani hapa Katy, Texas, mbele yangu kikombe cha chai kilichofanya utando, na sebuleni akina mama wa maombi wanaburuta viti kana kwamba viti havina miguu. Nikamwambia nitauliza wale wa nyumba ya mazishi. Halafu nikaukumbuka ule mlango, ambao sijawahi kuuona ila kwa picha, nikamwambia asijisumbue. "Utapita tu, Barasa. Mlango ule ulikatwa upitishe mashine." Kisha akasema ni kweli, walikuwa wamesahau, siku hizi wanaweka mahindi humo.

Mume wangu Wekesa anarudi kwao, basi, na atalala kwenye karakana yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mama yake ndiye aliyeijenga, mwaka ule tuliokuwa Lewisville, akiwa na hakika kwamba mwanawe yuko njiani. Watu wanaokuja kunipa pole wananiuliza tulikutanaje, ametoka ukoo gani, mimi nimetoka wapi. Siwajibu sana. Yeye Mbukusu, mimi Mkamba, Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, inatosha. Kinachonizuia usingizi si ukoo. Ni ule mwaka mmoja wa trela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na nimeona heri niuandike kabla sijapanda ndege, maana nikishafika kule nitazungukwa na watu watakaoniambia jinsi mambo yalivyokuwa.

Tulikaa kwenye yale maghorofa ya Lewisville yenye ngazi za chuma nje, mimi na binamu yangu mlango mmoja, Wekesa na Otieno mlango wa pili, ukuta kwa ukuta. Otieno aliendesha teksi za uwanja wa ndege na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu kilichoumbwa. Wekesa alifanya kazi kwenye kiwanda cha makabati huko Irving, na maoni yake ilibidi uyachimbe. Sebule yao haikuwa sebule. Palikuwa na kochi moja, televisheni, na vitu vya chuma vilivyofunikwa kwa shuka: randa ya umeme, visu vya msumeno ndani ya makopo ya kahawa, na transfoma moja nzito ambayo tuliigeuza meza, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuisogeza. Tulikula juu ya transfoma hiyo karibu mwaka mzima. Ugali, sukuma ya huku yenye majani magumu kama ngozi, nyama kutoka kwa muuzaji wa Kimeksiko wa pale kona, na juu ya yote harufu ya grisi. Mpaka leo nikisikia harufu ya grisi ya mashine, njaa inaniuma. Mashine kubwa zenyewe, ule msumeno wa meza na ile randa ndefu yenye uso wa chuma cha kalibu, alizihifadhi kwenye chumba cha kukodi karibu na barabara kuu, na Jumapili baada ya ibada alikuwa akienda kuziangalia, kama mtu mwenye ng'ombe.

Alikuwa akirudi nyumbani, moja kwa moja. Viza yake ilikuwa imeshakufa siku nyingi, kwa hiyo akitoka ametoka, hakuna kurudi, na hilo alilisema bila kunung'unika. Kulikuwa na kontena lililokuwa likipakiwa Houston na Wakenya wenzetu, liende Mombasa, na ndani yake alikuwa ameshapata nafasi. Kilichobaki ni kuzifikisha mashine Houston. Kila nikiwaza jinsi maisha ya mtu yanavyoweza kuning'inia kwenye kitu kidogo, nawaza kile kipande cha barabara. Mashine zilikuwa zitoke Amerika mpaka Kitale, bahari yote ile, na sehemu iliyotutia wasiwasi ilikuwa saa chache za gari kutoka Lewisville.

Mama yake alipigiwa simu kila Jumamosi kwa kadi, na kwa sababu alikuwa na sauti ya mtu wa kuita ng'ambo ya mto, na kuta zetu zilikuwa za karatasi, nilimsikia bila kutaka. "Saruji imekauka," alisema siku moja. "Nimewaambia mafundi waache mashimo ya boliti pale uliposema. Watoto wanaweka gololi zao humo." Wekesa akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mara nyingine nilimsikia mama akiuliza, "Na huyo msichana wa Ukambani?" Wekesa akajibu polepole, "Atakuja akimaliza shule, mama." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikikunja sare zangu za kazi, kwa maana mchana nilihudumia wazee na jioni nilisomea uuguzi, na nilijua kwamba sitakuja. Hata yeye nadhani alijua. Nilimpenda yule mtu, nasema wazi, lakini sikuwa nimekuja mbali hivyo ili nirudi kupika kwenye jiko la mama mkwe. Basi tulikuwa watu wawili wanaopakia trela pamoja, mmoja aende, mwingine abaki, na hatukulizungumzia.

Trela alilinunua kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akihama. Lilikuwa sanduku jeupe la matairi manne lenye mlango mpana nyuma, na alikusudia kuliuza hukohuko Houston akishashusha. Gari la kulivuta alikuwa nalo, jipu kubwa la kijani lililozeeka vizuri. Lililokosekana ni hitch, kile chuma kinachofungwa nyuma ya gari ili trela lishike. Na hapo ndipo Otieno alipoingia.

"Kaka, hiyo si kazi," alisema, mdomo umejaa ugali. "Unanunua ball peke yake, kile kichwa cha mviringo, unatoboa bampa, unafunga nati, kwisha. Bampa si chuma?"

"Bampa ni ya kugongwa," Wekesa akasema. "Si ya kuvuta."

"Mbona huku kila mtu ana-tow na bampa?"

"Wana-tow mashua ya kuvulia samaki, Otieno. Si msumeno."

Walibishana hivyo siku nyingi juu ya ile transfoma, mpaka nikawaambia waende dukani waniachie nisome. Wakanichukua na mimi. Otieno alishikilia kwamba wazee wa Texas humsikiliza mwanamke. Duka lilikuwa Irving, gereji yenye minyororo ukutani na mzee mmoja mwenye kofia iliyoliwa na jua. Alituuliza trela likijaa lina uzito gani. Otieno akajibu, "Si zito sana." Mzee akasema hiyo si namba. Wekesa akatoa mfukoni uzito wa kila mashine, alikuwa ameusoma kwenye vibati vyake, na yule mzee akavua miwani akaanza kuongea naye kama mtu anayeongea na mtu. Akaingia chini ya jipu na tochi. Akatuchagulia hitch ya kufungwa kwenye chesisi, si bampa. Akakagua kikombe cha mbele cha trela, kimepigwa mhuri wa inchi mbili, akasema basi na ball iwe ya inchi mbili, maana ndogo itachomoka na kubwa haitaingia. Akatupa na shingo ya kushuka chini kidogo ili trela likae sawasawa, lisiinue pua wala lisiinamishe. Wekesa akachukua hata ule mkono wa kupunguza kuyumba, ambao Otieno aliuita urembo.

Mzee alipomaliza kukaza boliti alisimama akajifuta mikono, akasema jambo ambalo nilimtafsiria Otieno ingawa alikuwa amelisikia vizuri. Alisema hitch nzuri haimsaidii aliyepakia vibaya. Uzito mwingi ukae mbele ya matairi ya trela, ili pua yake iilemee ball, angalau sehemu ya kumi ya uzito wote. Ukiupeleka uzito nyuma, pua inakuwa nyepesi, na trela lenye pua nyepesi huanza kucheza mkia, na likishaanza, usimlaumu aliyekuuzia chuma.

Wekesa alilishika neno hilo kama amri za Mungu. Jumamosi iliyofuata tulipakia pale kwenye chumba cha kukodi, na nadhani ile ndiyo siku nilimpenda kuliko siku zote. Alipiga magoti ndani ya trela akachora mstari wa chaki sakafuni, juu ya matairi, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mbele ya mstari, vyuma. Nyuma ya mstari, nguo zake, godoro, blanketi za mama. Mashine zilifungwa kwa mikanda kwenye pete za sakafu. Akaomba mizani yangu ya bafuni, ile ya waridi niliyoinunua nikijidanganya kuhusu unene, akaiweka chini ya pua ya trela kwa ubao na tofali, maana peke yake ingevunjika, akasoma, akazidisha, akahamisha transfoma kidogo mbele, akasoma tena. Otieno alikuwa ameketi kwenye ndoo akimcheka kwamba anapima trela kama anaposa. Wekesa hakujali. Alipotosheka alinirudishia mizani yangu akiwa ameifuta vumbi, akasema, "Sasa imekaa." Sehemu ya nyuma ya mstari ilikuwa karibu tupu. Nafasi kubwa, safi, inayopendeza. Ningejua ningeijaza maboksi matupu.

Wewe msomaji kama umekaa na watu wetu, umeshajua. Habari zilikuwa zimefika kanisani kwamba Wekesa anashuka Houston na trela kwenye kontena la nyumbani. Hatuna ugonjwa mwingine sisi kama huo. Mtu akisafiri, hata akienda kuzika, hodi haziishi: nibebee hiki, ni kadogo tu, mama atakuja kukichukua Nairobi. Na anayesafiri hakatai. Sijawahi kuona akikataa. Asubuhi ya safari tulishuka ngazi na thermosi ya chai, tukakuta maegesho yamejaa magari, watu wamevaa viatu vya nyumbani, kila mmoja na boksi lililofungwa kwa gundi. Mchungaji alikuwa na makasha ya vitabu vya nyimbo kwa ajili ya kanisa la kwao. Kijana mmoja alikuwa na matairi. Na Mama Shiru, mwenzangu wa kazini, mwanamke ninayemheshimu mpaka leo, alikuwa amesimama nyuma ya gari lake na kitu kimefungwa kwa blanketi la mtoto la samawati, na wanaume wawili wamekishika.

"Wekesa, baba, ni kamzigo kadogo ka ndugu yangu," alisema.

Nikafunua blanketi. Ilikuwa giaboksi ya pikapu.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuwahi kuinua kanda la Mama Shiru. Nilimvuta Wekesa pembeni, karibu na mapipa ya taka, nikamwambia, "Wataweka nyuma yote. Uliniambia mwenyewe, nyuma ni vyepesi. Waambie imejaa." Alikuwa ananitazama kwa upole ambao ulinikasirisha. Akasema, "Wanaona haijajaa, mlango uko wazi." Nikamwambia basi niwaambie mimi, mimi sina haya. Akanishika mkono. "Mumbe, tangu nije huku, kila kitu alichonacho mama yangu kilifika kwa mkoba wa mtu mwingine. Dawa zake, miwani, hata ile simu. Hakuna aliyeniambia amejaa. Ukikataa mzigo wa mtu ni kama kumwambia mama yake hana mtoto."

Alijaribu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye Otieno alilisimulia kama uzembe. Aliingia ndani akajaribu kusogeza mashine atafute nafasi mbele, lakini mikanda ilikuwa imekazwa na mbele kulikuwa kumeshajaa vyuma mpaka ukutani. Kontena lilikuwa linafungwa siku hiyohiyo. Na watu walikuwa wameshaanza kupakia wenyewe, kwa nia njema, wakipeana maboksi mkono kwa mkono huku wakiimba, na kila aliyechelewa akaweka chake karibu zaidi na mlango. Giaboksi ililala mwisho kabisa, ikiegemea mlango. Mchungaji akatuombea barabara njema. Wekesa alizunguka nyuma ya jipu akaitazama ile shingo ya hitch. Kitako cha gari, ambacho Jumamosi kilikuwa kimeinama kidogo kwa uzito, sasa kilikuwa kimesimama wima. Aliona. Nilimwona akiona. Akafunga mlango wake akasema, "Tutaenda polepole."

Tulienda polepole. Tulipita Dallas salama, tukashika ile barabara ya kwenda Houston, mimi na yeye tu, Otieno alikuwa kazini. Nilimmenyea mayai ya kuchemsha. Kila lori lilipotupita, trela lilipumua kidogo upande, kisha likatulia, na Wekesa akazidi kupunguza mwendo mpaka watu wakawa wanatupigia honi. Tulipoupita mji wa Corsicana niliona kwamba ameacha kula. Kisha kulikuwa na mteremko, si mkubwa, mteremko ambao leo nikiupita na gari langu hata siuhisi, na malori mawili yakatupita yamefuatana. Trela likaenda kushoto. Likarudi. Likaenda zaidi. Nikahisi kiti changu kinavutwa chini yangu, na kwenye kioo cha pembeni niliona ukuta mweupe unakuja, kisha unaondoka, kisha unakuja. Hakushika breki, alijua asishike. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Tulia, tulia," kama mtu anayeongea na mnyama, na ni sauti hiyo niliyokuwa nayo masikioni tulipoingia kwenye nyasi.

Hitch haikukatika. Watu huniuliza hilo. Chuma cha yule mzee kilishika mpaka mwisho, na kwa sababu kilishika, trela lilipoanguka lililaza na jipu ubavuni. Tulitokea dirishani. Yeye alivunjika mfupa wa bega, mimi sikuvunjika kitu. Askari wa barabara alikuwa kijana mstaarabu, akanifunika na koti lake ingawa palikuwa na jua. Na pale kwenye nyasi, kuteremka mpaka kwenye waya wa shamba la mtu, ilikuwa imemwagika Kenya yote ya Lewisville. Viatu vya shule. Sufuria. Sweta. Vitabu vya nyimbo vimefunguka kurasa zinapepea. Matairi yalikuwa yamejiendea yenyewe mbali kabisa na ng'ombe walikuwa wameyakusanyikia. Wekesa alitembea katikati ya vitu hivyo, mkono mmoja ameushika kifuani, mpaka kwenye msumeno wa meza. Uso wake wa chuma cha kalibu ulikuwa umepasuka vipande, na chuma hicho hakichomelewi kikarudi kuwa kilivyokuwa. Randa nayo ilikuwa imekatika shingo. Alichuchumaa akapitisha kidole kwenye ufa. Sijamwona mtu ametulia hivyo, na sitaki kumwona mwingine.

Kisha akainuka akaanza kuokota maboksi ya watu. Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimwambia aketi chini, ambulensi inakuja. Akasema, "Kontena linafungwa leo," na akaendelea kuokota kwa mkono mmoja, sweta, viatu, sufuria, akivipanga kandokando ya barabara. Jamaa mmoja wa Houston aliyekuwa na kazi ya kontena alikuja na gari la mizigo alipopigiwa simu, na vyote vikapanda. Giaboksi ilikuwa nzima ndani ya blanketi lake la samawati. Ilivuka bahari, ikafika Nyeri, ikafungwa kwenye pikapu, na Mama Shiru alimwambia Wekesa kila Krismasi kwa miaka mingi, kwa shukrani ya kweli, kwamba pikapu ile bado inatembea. Kila mzigo ulifika kwao isipokuwa wa mwenye trela. Mashine zilichukuliwa kama chuma chakavu na watu waliokuja kusafisha barabara.

Aliporudi Lewisville na bega limefungwa, alimpigia mama yake, na kuta zilikuwa zilezile. Nilimsikia akisema wamepata ajali kidogo, yuko salama, safari imeahirishwa. Mama akauliza mpaka lini. "Mpaka mwaka ujao, mama, nikijipanga." Mama akasema njoo tu, mwanangu, mimi sikujengea mashine, nilikujengea wewe. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Wekesa akasema, "Siwezi kurudi mikono mitupu." Nimekuwa na ugomvi na sentensi hiyo tangu siku ile. Tumeirithi kutoka kwa nani, sijui. Mtu mzima mwenye akili, mama yake anamwita, nyumba anayo, anashindwa kupanda ndege kwa sababu ya mikono.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata. Kuna mama mmoja kanisani aliyewahi kuniambia, tena kwa tabasamu, kwamba Mungu alinipa mume pale kwenye nyasi. Nilimwambia asirudie. Nilimtaka Wekesa, ndiyo, lakini mzima, na aliyenipata mimi hakuwa mzima. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi, aliwalea watoto wetu kwa upole uleule. Tulihamia Katy nilipopata kazi hospitalini, tukanunua nyumba mpya kati ya nyumba mpya, na watu wakasema tumefika. Lakini hakugusa mbao tena. Alifanya kazi kwenye maghala, akiendesha mashine ya kunyanyua mizigo, saa mbili za barabara kila siku. Mlango wa kabati ukilegea jikoni, nilimwita fundi. Mama yake aliendelea kuuliza lini, kisha akaacha kuuliza, kisha akafa, na makaratasi ya Wekesa yalikuwa bado hayajakamilika, akamzika kwa simu, ameketi kwenye gari ndani ya gereji, mlango umefungwa. Makaratasi yalipokuja nilimwambia, sasa twende. Akasema, "Nikamwone nani?" Watoto walimwuliza kwa Kiingereza kwa nini haendi, na yeye akawajibu kwa Kiswahili, ambacho walikisikia nusu.

Ile hitch aliifungua kwenye jipu kabla jipu halijachukuliwa, akaja nayo, akahama nayo. Iko hapa gereji, juu ya rafu, ball ya inchi mbili imepakwa grisi isishike kutu. Kila mwaka aliipaka. Na katika miaka yote hiyo, mtu yeyote akiniuliza kama nasafiri, mimi nilijibu mkoba umejaa. Wananiita mchoyo, najua. Wekesa naye, ambaye hakusafiri, alikuwa akipokea mizigo ya watu akiwatafutia wasafiri, sebule yangu ikawa kama stoo, na niliponung'unika aliniambia tu, "Ni ka nani haka? Ka mama wa mtu."

Jana mchana, maombi yalipokwisha, Mama Shiru alibaki nyuma. Amezeeka, magoti yamemchoka, ameendeshwa kutoka Lewisville na binti yake. Alikunja leso yake, akaikunjua. Nikajua kabla hajasema. Kwenye mkoba alikuwa na kifurushi.

"Mumbe, nilijiambia nisikuombe," alisema. "Njia nzima nilijiambia. Lakini mama yangu bado yuko, na unakwenda, na ile ndege inapita Nairobi."

"Kuna nini ndani?"

"Dawa za presha. Na soksi za joto." Akainamisha kichwa. "Yule hangenikatalia. Lakini wewe una haki."

Binti yake alisimama mlangoni akiangalia simu, ameona aibu. Akina mama waliokuwa wakiosha vikombe jikoni waliacha kuosha. Nilikuwa na jibu langu, nimelitumia miaka mingi, halihitaji hata kufikiriwa. Nililifungulia mdomo. Nikamwona Wekesa kwenye zile nyasi, mfupa wa bega umekatika, anapanga sufuria za watu kando ya barabara.

Nilichukua kifurushi nikaenda nacho chumbani. Mkoba wangu ulikuwa wazi kitandani. Ile mizani ya waridi bado ninayo, kioo kimepata ufa lakini inasoma. Nikapima mkoba, nikapima kifurushi, nikakiweka. Niliporudi sebuleni wote walikuwa wamesimama vilevile.

"Kimeingia," nikamwambia Mama Shiru. "Na mwingine mwenye kitu cha mama yake alete leo. Kesho asubuhi sipokei."

Kisha nikampigia Barasa kumwambia watoe mahindi, wafagie, na wazibe yale mashimo ya boliti sakafuni, wabebaji wasijikwae. Akasema hayahitaji kuzibwa. Mama aliyaziba mwenyewe, mwaka aliokufa.